Niko kwa dawa

Leo ni siku ya tano sijaenda choo. Msicheke.

Ni ile sindano ya kupunguza uzito. Kilo zinaisha, sawa, lakini tumbo imefunga kama duka Jumapili asubuhi. Daktari akasema nikunywe maji, nitembee, nikule mboga. Basi nikatembea hadi soko la Kibuye kutafuta mrenda, kwa yule mama aliyekuwa akimuuzia marehemu mama yangu.

Akaniangalia sana.

"Mbona umekonda hivi, nyathina, mtoto wangu?"

Nikajibu bila kufikiria: "Niko kwa dawa, Mama. Ndio imenifunga tumbo."

Niko kwa dawa!

Mnajua hapa kwetu hayo maneno yana maana moja tu. Dawa za virusi vya UKIMWI. Hakuna mtu husema hivyo juu ya sindano ya uzito.

Mikono yake ikasimama juu ya mrenda. Nikafungua mdomo nimweleze, lakini alikuwa ashanishika mkono, ananong'ona:

"Usiwahi acha kumeza. Hata siku moja. Mamako aliacha."

Sisi nyumbani tuliambiwa ni malaria ilimuua. Miaka kumi na tisa, malaria.

Sikumweleza tena. Ningeanzia wapi?

Sasa mrenda inachemka na mimi nimesimama mbele ya kioo. Mashavu yameingia vile ya mama yangu yaliingia. Ni haya haya nimekuwa nikiwapostia kila wiki.

Tafadhali, leo mtu asiniandikie nimependeza.