Baba Yuko Shifti

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili mwezi wa sita, saa nne asubuhi, mama yetu alifariki nyumbani kwake Segese. Alikuwa ameomba uji. Dada yangu Kabula alipoingia na kikombe, alikuta hauhitajiki tena. Baba tulishampoteza zamani, ila hilo hatukuwahi kulisema.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande huu wa machimbo mtakumbuka tulivyoishi. Asubuhi ni mchakamchaka, kila mtu na fagio lake na dumu la maji ya kumwagilia miti ya shule. Jioni ni rede na gololi mpaka huoni tofauti ya ngozi na vumbi. Njaa ikiuma unatia mkono kwenye gunia la michembe, unatafuna vile viazi vikavu na karanga, unakunywa maji, vinavimba tumboni, mwenyewe unajiona umekula pilau. Watoto wa leo ukiwapa michembe wanageuza mfuko kutafuta tarehe ya kuisha muda.

Nyumbani kwetu tulikuwa na kazi moja ya ziada. Baba alikuwa mchimbaji mdogo. Nikiwa darasa la pili alisikia kuna dhahabu mpya imeonekana upande wa Geita, akabeba begi na sululu akaenda. Hakurudi. Mama alisubiri miezi kadhaa, kisha akatuita mimi na Kabula jikoni.

"Kuanzia leo baba yenu kaajiriwa mgodi mkubwa," akasema. "Mtu akiuliza, yuko shifti. Akija asubuhi, katoka shifti, kalala."

Sababu aliitoa pia. Baba alimwoa kwa ng'ombe, na kwetu Usukumani ng'ombe wakishatolewa, watoto ni wa ukoo wa baba. Ukoo ungejua kwamba ameondoka, baba mkubwa angekuja kutuchukua, Kabula abaki kwake, mimi nipelekwe kwa ndugu mwingine mwenye mifugo.

"Mtakutana kwenye harusi zenu," mama alisema. Tukaelewa.

Mama alinunua mnadani buti kuukuu za mpira. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuzipaka matope na kuziweka mlangoni. Kazi ya Kabula ilikuwa kukohoa. Mgeni akija asubuhi, Kabula alijipenyeza chumbani kwa mama na kukohoa. Alikuwa na miaka kumi na kikohozi cha mtu wa hamsini. Shati la baba lilifuliwa kila Jumamosi na kuanikwa mbele ya nyumba. Lilichakaa kwa kufuliwa, mama akanunua lingine. Tukiwa na wageni, baba alipakuliwa ugali wake, ukafunikwa na kupelekwa chumbani. Wageni wakiondoka tuliula sisi. Tulipenda sana wageni.

Shifti ya baba ilikuwa ndefu. Ilianza nikiwa darasa la pili, na nilipofanya mtihani wa la saba alikuwa bado hajatoka. Watu waliambiwa madaftari yetu yananunuliwa kwa mshahara wake. Kweli ni kwamba mama aliondoka kila siku na masufuria kwenda kuwauzia wachimbaji ugali na mlenda huko kwenye mashimo yao. Akiulizwa, alisema anajishughulisha tu, asikae bure.

Baba mkubwa alikuja nikiwa darasa la nne. Alifika jioni na baiskeli, jogoo kamfunga kwenye usukani.

"Shemeji, nimekuja kumwona mdogo wangu."

"Yuko shifti, shemeji. Atatoka asubuhi."

"Basi nitamsubiri."

Mama akamkaribisha. Akaingiza mwiko kwenye sufuria akaanza kusonga.

Asubuhi baba mkubwa alikuta buti mlangoni, zina matope. Akaambiwa mdogo wake karudi, kachoka, kalala. Akachukua kigoda akakaa nje ya dirisha la chumba, anatafuna michembe. Kabula akakohoa. Baba mkubwa akatafuna. Kabula akakohoa tena.

"Wewe," akaniita. "Baba yako siku hizi anakohoa?"

"Ndiyo, baba. Vumbi la mgodini."

"Na Kabula yuko wapi?"

"Yuko shule."

Ilikuwa Jumapili.

Baba mkubwa akatazama barabarani, watu wakipita na nguo zao za kanisani. Akatazama buti. Kisha akasimama, akasogelea dirisha lililofungwa pazia, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Mdogo wangu, endelea kulala. Mimi naondoka. Hawa watoto wanakaa vizuri na mama yao, wabaki hapa hapa. Mtu wa ukoo akiuliza, nitasema nimekukuta."

Halafu Kabula akakohoa mara mbili.

"Haya," akasema baba mkubwa. "Nimesikia."

Kwa miaka mingi niliamini tulimdanganya. Na majirani niliamini tuliwadanganya, mpaka juzi msibani, nilipokaa karibu na Mama Sabina wa nyumba ya pili akichambua mchele.

"Mwanangu," akasema, "watu wa mgodi mkubwa buti wanaziacha kule kule. Basi linawarudisha na viatu vyao vya kawaida."

"Kwa hiyo mlijua?"

"Toka siku ya kwanza. Kiangazi chote kile, mvua hakuna, matope mlikuwa mnatoa wapi?"

"Maji ya kuoshea vyombo."

"Ndiyo maana yalikuwa na punje za wali."

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani? Mama yako alikuwa anajitahidi."

Mtoto wa Kabula ana picha kwenye simu, kaegemea gari la mtu, kaandika chini yake kwamba kazi inalipa. Kazi hana. Picha yenyewe ilimchukua dakika moja. Sisi kudanganya kulitaka uamke mapema. Sisemi zamani tulikuwa wema, tulikuwa waongo. Ila mtaa mzima uliujua uongo wetu na bado ukatuuliza kila siku mzee ameamkaje. Picha ya huyu kijana wameipenda watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyepita kuuliza kama amekula.

Siku ya mazishi Kabula alinipa wasifu wa marehemu niusome. Alikuwa ameandika kwamba marehemu na mumewe waliwasomesha watoto wao kwa jasho la mgodini, na kwamba mume ameshindwa kufika kwa sababu za kikazi.

"Dada, hii siwezi kusoma."

"Mama ndivyo alivyotaka. Amekufa, ndiyo tumwaibishe?"

"Jasho ni la kwake. Tunamzika halafu jasho lake tunampa mtu mwingine."

"Soma kilichoandikwa," akasema, akafunika uso kwa kanga.

Nilisimama mbele ya watu nikasoma alikozaliwa, alikobatizwa, alivyoolewa. Baba mkubwa alikuwa kiti cha mbele, mzee sasa, mikono yote miwili juu ya fimbo. Nilipofika pale kwenye jasho la mgodini nikainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Baba aliondoka nikiwa darasa la pili," nikasema. "Mama alitulea peke yake, kwa kuuza ugali machimboni."

Kabula alikuwa anatazama chini.

"Rudia hapo, baba," akasema baba mkubwa. "Sijasikia vizuri."

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.