Kitenge Katikati ya Wimbo

Niliondoka Kibara kwa sababu moja. Mwalimu wa piano huko Musoma alikuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja tu, na alitaka kunisikia nikipiga mbele ya watu kipande cha muziki wa mapenzi cha mtunzi wa Hungaria. Nilikuwa nimejifunza kipande hicho kwenye kinanda cha kanisani kwetu. Sharti lake lilikuwa fupi: ukikatisha, umekosa.

Bunda nilishuka kubadili gari. Kwa wasiwasi, chai ilipita, chapati ikanishinda.

Kiabakari nikachukua bodaboda hadi Butiama, kulala kwa shangazi Nyabise, dada yake baba. Alinisongea ugali wa mtama, akaniuliza, “Huo wimbo unasemaje?”

“Hauna maneno, shangazi.”

“Mh! Sisi huku tunaimbaga na maneno. Haya, nitakuja nikutunze hivyohivyo.”

Kesho yake tukaenda wote Musoma. Ukumbi wa kanisa ulijaa, na piano ilikuwa na vibonyezo vizito ambavyo vidole vyangu havikuvizoea. Nilianza polepole, nikatulia. Katikati, mahali ambapo wimbo hunyamaza kidogo, nikasikia vigelegele. Shangazi huyo, anakuja akicheza! Kwetu mpigaji akikukuna moyo humngoji amalize, unamtunza kwa zawadi palepale. Akanifunga kitenge mabegani, watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini sikuondoa mikono kwenye piano. Nilingoja mpaka aliporudi kukaa, nikaendelea hadi mwisho, kitenge kikiniteleza kiwikoni.

“Ulikatisha?” mwalimu aliniuliza baadaye.

“Hapana, mwalimu. Nilikuwa nangoja.”

Aliandika jina langu. “Njoo Jumatatu tuanze.”

Nililia kwa furaha, bila aibu.

Wakati wa kurudi Butiama, tulipouacha mji, shangazi alinigeukia.

“Hivi pale ulikuwa hujamaliza, mwanangu?”

“Bado, shangazi.”

“Sasa mbona ulinyamaza?”

“Wimbo wenyewe unanyamaza hapo.”

Sikumwambia kwamba nyumbani mahali pale nilikuwa napapita mbio, nikiogopa watu watadhani nimesahau. Tangu safari ile sipaharakishi tena. Shangazi alitazama nje dirishani, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

“Basi ndo hapo paliponiliza,” akasema. “Nikashindwa kukaa.”