Duka lilikubali kunibadilishia laptop, lakini lilimtaka kaka yangu aje mwenyewe

Wakuu, habari za huko mliko. Naandika kutoka Mushaki, kwenye barabara ya Sake kwenda Masisi. Nimesoma nyuzi za humu kwa muda mrefu bila kuchangia, maana kila nikiandika kitu nakifuta. Hiki nimekwisha kukifuta mara nne.

Leo nakiacha kama kilivyo. Yote yalinikuta mimi mwenyewe, na pale ambapo sikumbuki vizuri nitawaambia. Kiswahili chetu cha Kivu mtakiona kwenye maneno ya watu, nimeyaacha walivyoyasema; "njo" yetu ni "ndiyo" yenu, na "iko" tunamwambia hata mtu.

Nilisoma maendeleo ya vijijini Goma, nikamaliza, kazi sikupata.

Kaka yangu Janvier alikuwa anachimba madini ya coltan huko Rubaya. Baba alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo yeye ndiye aliyenisomesha. Alipoona nimekaa nyumbani nahesabu dari, akaninunulia laptop ili nifungue sekretaria ndogo hapa kwetu. Kuchapa barua, CV, mialiko ya ndoa, programu za matanga. Zamani watu wa hapa walikuwa wanashuka mpaka Sake kwa karatasi moja.

Siku ya kununua tulikwenda wote wawili. Duka silitaji. Mwenyewe nitamwita Papa Désiré. Alitoa karatasi ya garanti, yaani dhamana ya mwaka mmoja, akauliza iandikwe jina la nani.

Mimi ndiye niliyesema, "Andika ya kaka, njo mwenye kununua."

Kwetu kitu ambacho mkubwa wako amekununulia, huwezi kukiandikisha jina lako huku amesimama hapo. Ni kama unampokonya kabla hajakupa. Niliona ni heshima. Janvier akaweka sahihi yake, ndefu kuliko jina lenyewe, tukacheka, tukapanda gari.

Haikumaliza miezi miwili ikaanza kuzima.

Unachapa, kioo kinakuwa cheusi, basi. Hakuna onyo. Mara ya kwanza Janvier aliipeleka Goma mwenyewe, wakabadilisha feni ya ndani, akairudisha akiwa amechoka na vumbi mpaka kwenye kope. Ikakaa vizuri wiki kadhaa.

Kisha mvua ikanyesha siku tatu, na kipande cha mlima kikashuka juu ya mashimo ya Rubaya.

Janvier alikuwa ndani. Au alikuwa karibu. Au alikuwa amekwenda kutafuta chakula. Wenzake walituambia hayo yote matatu, kila mmoja lake.

Miili kadhaa ilitolewa. Wa kwake haukuonekana. Mama na mimi tulizunguka vituo vya afya, tukafika mpaka hospitali ya Kirotshe kule ziwani. Mama alipita kitanda kwa kitanda akiwaomba samahani wagonjwa kabla ya kuwaangalia uso.

Baada ya muda, baba wadogo walikuja nyumbani. Walisema kuna njia ya wazee: mtu akipotea bila mwili, unakatwa mgomba, unazikwa kwa jina lake, na watu wanalia wanamaliza. Walisema kwa upole sana.

Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Akajibu, "Miye sikuzaa mugomba."

Hakuna aliyerudia hayo maneno. Hatukukalia matanga. Mama akaendelea kulima.

Laptop ikaharibika mara ya pili. Ugonjwa uleule. Safari hii niliipeleka mimi, wakabadilisha karte kubwa ya ndani, hawakuuliza jina la mtu. Mwezi haukwisha, ikazima tena nikiwa katikati ya barua ya mwalimu mmoja anayeomba kuhamishwa. Aliangalia kioo, akaniangalia mimi, akasema atajaribu Sake.

Hapo nikaamua: sitaki tena kutengenezewa. Nataka kubadilishiwa.

Wakuu, mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nilinunua daftari nikaandika kila ilipozima, siku, saa, nilikuwa nafanya nini, chaji ilikuwa kiasi gani. Kurasa sita. Njiani nikawa nabishana na Papa Désiré kichwani, na alinishinda mara mbili kabla hatujafika Sake.

Kweli, neno lake la kwanza lilikuwa lilelile nililoliogopa.

"Mama, hii iko courant ya mu village. Bile bipanneau byenu bya jua njo binaua mashini."

Alikuwa anausingizia umeme wetu wa sola. Nikamwambia, "Papa, iwashe hapa kwako, na courant yako. Kama inafika saa ya kufunga haijazima, narudi nayo na sitakusumbua tena."

Akacheka, akakubali. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki.

Saa nzima ikapita, mashine inawaka tu. Moyo wangu ndio ulikuwa unazima. Mama mmoja aliyekuja kutafuta chaja ya simu aliona midomo yangu inacheza, akauliza namwomba Mungu nini kimyakimya vile. Nikamweleza.

"Eh, dada! Weye unaombea mashini yako ikufe? Ya kwangu naombeaka ipone!"

Papa Désiré akafurahi. "Unaona? Hapa kwangu iko na adabu." Na kwa kujiamini akaichukua yeye mwenyewe, akaanza kumwonyesha mteja mwingine jinsi picha zinavyoonekana vizuri kwenye kioo chake.

Kioo kikawa cheusi mkononi mwake.

Wa kwanza kusema alikuwa yule mama wa chaja: "Papa, adabu njo imekwisha."

Nikafungua daftari. Fundi wake akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Papa, hii hapana bahati mbaya. Mara tatu, ugonjwa moja. Hata tukitengeneza, itarudi tu."

Papa Désiré akajitolea kuitengeneza mara ya tatu. Nikakataa. Akataka kunipa mashine iliyokwisha kutumika, akaisifu sana. Nikakataa tena. Nilitaka mpya, ya aina ileile, na garanti ianze upya siku hiyo. Tulivutana mpaka akachoka.

"Sawa, mama. Umesoma kweli. Mupya, na garanti mupya."

Sijui kama nilisema asante.

Kisha akafungua rejista yake.

"Sasa huyu Janvier akuye kutia sahihi."

Nikamwambia mimi ni mdogo wake, mashine ni yangu. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba aliwahi kumbadilishia kijana mmoja mashine, kumbe karatasi ilikuwa ya mkubwa wake, na mkubwa akaja kudai ya kwake. Ndugu wakapigana hapo dukani, vioo vikavunjika.

"Matata ya famille miye siitaki tena. Akuye mwenyewe. Kama iko mbali, aandike procuration ya kukutuma weye. Kama alikufa, pole, mama, unileteye attestation de décès. Bila ile, miye siwezi."

Halafu akaniuliza swali jepesi kabisa. "Njo iko wapi?"

Nikajibu, "Iko Rubaya."

Na huo si uongo, wakuu. Mpaka leo sidhani kama ni uongo.

Jioni nilimweleza mama. Nilitaka tu ajue kwa nini nimerudi mikono mitupu. Nilifikiri atalia.

Mama aliacha kuchambua maharage. "Banataka Janvier mwenyewe?"

"Njo vile anasema, mama."

"Kumbe hata Goma banamungojea." Akatabasamu. "Basi iache pale. Atakuya, ataenda kuichukua."

Siku ile aliimba akipika. Wimbo wa kanisani, chini chini. Sikuwa nimemsikia tangu mvua zile.

Sasa mniweke ninyi mahali pangu. Garanti ilikuwa imebakiza wiki chache. Wateja walikuwa wanapita mlangoni bila kugeuka. Ile mashine ndiyo kitu cha mwisho Janvier alichonifanyia, na ilikuwa inakwenda kupotea kwa sababu ya jina lake. Lakini ili niipate, ilibidi karatasi yenye muhuri iseme kwamba amekufa. Na karatasi hiyo ingekuwa ya kwanza kulisema. Sisi wenyewe nyumbani tulikuwa hatujalisema.

Nilizungumza na mama usiku na mchana, ila kichwani tu.

Nilianza kwa njia nyingi. Nilianza kwa sala. Nilianza kwa kumwambia nitakaa bila kazi mpaka niolewe bila chochote. Nilianza kwa kulia. Kila mara yule mama wa kichwani alikataa, mara nyingine kwa ukali, mara nyingine kwa kunyamaza. Niliyajua majibu yake yote. Nikamwogopa kiasi kwamba mama halisi, aliyekuwa ananisalimia kila asubuhi na kuniuliza kama nimelala vizuri, sikumwambia neno.

Nikaenda peke yangu kwa chefu wa localité, yule anayeandika karatasi za vifo hapa kijijini.

Aliniuliza jambo moja tu kabla ya kushika kalamu. "Mama yako anajua?"

Nikasema, "Ndiyo, Papa."

Aliuliza tarehe. Nikampa siku ya tatu ya mvua. Akaandika, akapiga muhuri, nikatia sahihi chini, kwenye mstari wa famille. Karatasi ilikuwa nyepesi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kizito.

Goma, Papa Désiré aliisoma, akavua kofia, akasimama. "Pole sana, mama. Wakati ule ungeniambia tu." Akanipa mashine mpya bila neno jingine, akaongeza mkoba wa kubebea. Nilipomwomba ile karatasi ya zamani yenye sahihi ya Janvier, akasema lazima ibaki kwenye rejista yake. Akanitolea fotokopi, na attestation akanirudishia baada ya kuipiga nakala.

Nilifika nyumbani jua lingali juu. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba Papa Désiré amebadilisha mawazo. Nilikuwa nimeirudia sentensi hiyo njia nzima.

Mama alikuwa mlangoni ananawa miguu yenye udongo wa shamba. Aliona boksi. Akaangalia nyuma yangu, barabarani, kama kuna anayenifuata.

Halafu akaniuliza, "Aline, balikupatia ile mashini kwa karatasi gani?"

Sentensi yangu ikapotea. Nikatoa karatasi.

Mama hasomi Kifaransa. Akasema nimsomee. Nikamsomea yote, mpaka namba ya muhuri, kwa sababu niliogopa nikinyamaza itakuwaje. Akauliza nani ametia sahihi.

"Chefu. Na miye."

"Na mama yake?"

Nikasema hapakuwa na mstari wa mama. Ndiyo, wakuu, hivyo ndivyo nilivyojibu.

Akakaa chini kwenye kizingiti, miguu bado ina maji. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Ungeniuliza," akasema.

"Mama, ungekataa."

"Ningekataa." Akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka mapajani. "Kesho yake ungeniuliza tena."

Akainuka akaingia ndani nayo. Sijui ameiweka wapi. Sijathubutu kuitafuta.

Hayo yalitokea majuma kadhaa yaliyopita. Mashine mpya haijazima hata mara moja. Yule mwalimu alirudi, nikamchapia barua yake, akahamishwa kweli. Wateja wapo. Mama ananisalimia asubuhi kama kawaida na kuniuliza kama nimelala vizuri. Kuimba, bado hajarudia. Matanga hajayataja, na mimi nimejizuia kumjibia.

Niliyojifunza, kwa mwenye kuhitaji: garanti iandikwe jina la mtu atakayetumia kile kitu, hata kama mnunuzi ni mkubwa wako na amesimama hapo. Heshima mwonyeshe kwa njia nyingine. Kitu kikizima-zima, andika kila mara kinapozima, na kiache kiharibike mbele ya muuzaji, kwenye umeme wake. Usikubali matengenezo bila mwisho. Haki yangu niliipata kwa daftari la kurasa sita, na hilo silijutii.

Jingine sijui kuliweka vizuri. Nilijiandaa kwa kila jibu la muuzaji, nikajibiwa, nikamjibu. Mama yangu sikumuuliza, nilimjibia mimi mwenyewe. Nilifikiri namkinga na maumivu ya kuambiwa. Kumbe nilimzikia mtoto wake huku yeye yuko shambani anapalilia.

Mwenye kuona nilikosea aseme, nitasoma yote, na safari hii sitafuta. Na kama kuna humu mtu ambaye ndugu yake hakuonekana, naomba aniambie alianza vipi kumuuliza mama yake. Neno la kwanza tu. Nataka kwenda kumuuliza kama anakubali tumlilie Janvier, hata kama ni kwa kuchelewa, na akikataa niende tena kesho.