Zulmira na Sikukuu ya Getini

Zulmira alianza kushona ngozi za viatu akiwa na miaka kumi na minne, na hakuwahi kufanya kazi nyingine. Katika bonde lile la kaskazini mwa Ureno, ukitaka kumjua mtu huulizi anakaa wapi, unauliza anashonea kwa nani. Yeye alishonea kwa Bwana Leandro, na kabla yake kwa baba yake Leandro, kwenye kiwanda kilekile chenye paa la vigae na baridi ya kupenya mifupa. Humo ndimo alimopata mume, mkata soli mpole asiye na maneno mengi. Na humo ndimo walimomfuata siku moja kumwambia kwamba pikipiki ya mumewe imegongwa. Alilia matanga yakaisha, akarudi kwenye cherehani. Hakuachiwa mtoto. Aliachiwa mama mkwe.

Mama mkwe huyo, Bi Perpétua, alikuwa na ulimi mkali kuliko kisu cha kukatia ngozi. Miaka yote waliyokaa wawili chini ya paa moja, hakuwahi kumsifu mkwewe hata kwa bahati mbaya. Zulmira akichelewa kazini, anaulizwa alikuwa anazurura wapi. Akiwahi, anaulizwa kama amefukuzwa.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, wanawake wa kiwandani walikuwa wanangoja kapu la sikukuu, divai na keki, kama desturi. Bwana Leandro alishuka ngazi mikono mitupu. Alisimama karibu na mlango, koti hakulivua.

"Wateja wa Ufaransa wameondoka," alisema. "Kazi imeisha. Jumatatu msije."

Ilda, ambaye cherehani yake ilipakana na ya Zulmira na ambaye hakuna jambo asilolifanyia mzaha, aliuliza, "Jumatatu ipi hiyo, bosi?"

"Yoyote ile."

Mmoja alianza kulia, kisha wengine. Zulmira hakulia. Alizima cherehani yake, akaipangusa vumbi la ngozi, akaifunika kitambaa chake kama alivyofanya kila jioni.

"Unaifunika ya nini wewe?" Ilda alimuuliza.

"Sijui kuondoka bila kuifunika," alijibu.

Nyumbani hakusema kitu. Jumamosi alitoka asubuhi kama anakwenda sokoni, akatembea kando ya mto mpaka miguu ikauma. Jumapili, Bi Perpétua alirudi kutoka kanisani akaketi bila kuvua mtandio.

"Mji mzima unajua umemwaga unga," alisema, "isipokuwa mimi ninayeula huo unga."

"Nilitaka sikukuu ipite kwanza, mama."

Bi kizee aliinuka, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Zulmira aliichukua kuwa ni hasira, na moyo ukazidi kuwa mzito.

Jioni hiyohiyo Ilda alikuja akihema. Mlinzi wa kiwanda, mzee Firmino, alikuwa amemnong'oneza jambo: lori limeagizwa kuja kubeba mashine zote mkesha wa Krismasi, wakati kila mtu yuko jikoni kwake. Zulmira alielewa mara moja. Mashine ndizo mali pekee iliyobaki mle ndani. Zikiondoka, hakimu hatakuwa na cha kushika ili kiuzwe walipwe kiinua mgongo chao, na haki ya wale wanawake itakuwa imeondoka juu ya lori.

Basi asubuhi ya mkesha walikwenda getini wote, kila mmoja na kiti chake. Wakawasha moto ndani ya pipa. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde, hata mnara wa kanisa hauonekani. Mchana Zulmira alikaribia kukata tamaa. Alimfikiria bi kizee peke yake mezani usiku ule wa mwaka ambao hakuna Mreno anayepaswa kula peke yake.

Lori lilifika alasiri. Dereva alikuwa pande la mtu, macho mekundu kwa safari. Alishuka, akatazama viti, akatazama moto.

"Akina mama, nipisheni. Nami nataka kufika kwangu."

Zulmira alijikuta amesimama mbele, ingawa hakuwa amechaguliwa na mtu. "Nasi tulitaka kuwa kwetu, kaka. Ndani mna cherehani niliyoikalia miaka arobaini. Ukiibeba, unabeba na mkono wangu."

"Mimi nimetumwa tu, dada."

"Najua. Ndiyo maana sikutukani."

Dereva alijikuna kichwa, akampigia simu aliyemtuma. Wote walimsikia Bwana Leandro akifoka kwenye simu kwamba apite tu, watasogea wenyewe. Dereva alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliniambia kuna mashine," alisema. "Hukuniambia kuna watu wamezizunguka. Kama ni rahisi hivyo, njoo uendeshe wewe." Akakata simu.

Ilda alimpa kipande cha mkate wa kukaanga wa sikukuu, wenye sukari na mdalasini. Alikula amesimama, akaomba kingine cha binti yake, akaligeuza lori na kuondoka nalo tupu. Zulmira alimpungia mkono mpaka taa zikamezwa na ukungu.

Giza lilipoingia, ikasikika trekta inapanda kilima. Ilikuwa ya jirani yao, na kwenye tela nyuma yake, ameketi juu ya gunia la viazi, Bi Perpétua, sufuria kubwa ameibana katikati ya magoti. Nyuma ya trekta walikuja waume, dada na watoto wa wale wanawake, kila nyumba na chungu chake: samaki wa ng'onda wa sikukuu, kabichi, viazi, mafuta ya zeituni. Kumbe bi kizee alipojifungia Jumapili alikuwa anahangaika kuvua pete yake akaiuze. Na aliposikia habari za geti, akapita mlango hadi mlango akiwakaripia watu wasile majumbani.

Alipakua sahani ya kwanza akampa Zulmira.

"Nilitaka kuuza pete yangu, haikunitoka kidoleni," alisema. "Basi nikapika." Akamwongezea kabichi. "Umenilisha tangu mwanangu alipokufa, na ungeweza kwenda zako. Nilikuwa naliona hilo. Sikusema tu."

Zulmira alishika sahani kwa mikono miwili. "Ahsante, mama," alisema, na machozi ambayo hakuyatoa mbele ya Leandro yakamtoka hapo, mvuke wa chakula ukimpanda usoni.

Walilinda geti kwa zamu mpaka mahakama ilipokuja kulifunga kwa muhuri wa lakiri. Hawakupata chote walichostahili, wala kiwanda hakikufunguliwa tena. Wengine walikwenda Uswisi kusafisha hoteli; Ilda naye yuko huko, na hupiga simu kuwasema Waswisi. Zulmira na wenzake wanne walinunua cherehani chache kwenye mnada, wakapanga chumba kilichokuwa cha mwoka mikate, na hadi leo wanashona humo, miezi mingine kazi tele, mingine wanakaa wanatazamana.

Bi Perpétua aliishi miaka mitatu zaidi. Kila siku alikuja pale chumbani kukata nyuzi zilizobaki kwenye mishono, akilalamikia baridi, mwanga na redio, na Zulmira akamwekea kiti karibu na jiko. Siku za mwisho alikuwa anasinzia mkasi mkononi. Zulmira aliuchukua polepole asimwamshe, akaendelea kushona.