Sanamu la Kupimia Nguo

Mama hakuwa na sanamu la kupimia nguo, kwa hiyo alinisimamisha mimi. Tulifika Matrah, Omani, kutoka Unguja baada ya mapinduzi, bila ya baba, na cherehani ya mkono ndiyo iliyotulisha. Mimi nilikuwa katika umri wa kuwashwa na miguu kila nikiambiwa nitulie. "Usitikisike," Mama alisema, pini zimejaa mdomoni. Nikatikisika. Pini ikanichoma, nikapiga kelele, nikala kofi la bega, tukaendelea.

Kutulia ningetulia vipi? Unguja nilikuwa nikisoma. Matrah hapakuwa na skuli ya kumpokea msichana kama mimi. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa Kuwait na alishasema niende kwake nikasome. Lakini nyumba tuliyokaa ilikuwa ya ami, ndugu yake marehemu baba, na mke wa ami, aliyekaa Darsait, mtaa wa jirani, alikuwa na mtoto wa kiume wa kuoza. Alinitaka mimi. Mama hakuwa na uso wa kukataa. Kila alipoulizwa alijibu "Inshallah," na hiyo inshallah ilinikata maini.

Katikati ya hayo mke wa Mzungu mmoja wa mambo ya mafuta akaleta kazi. Wazungu walikuwa wakitayarisha maonyesho yao ya jukwaani, na alitaka nguo mbili. Moja yake mwenyewe: gauni la enzi ya malkia wao Viktoria, la kuburura chini. Ya pili ya binti yake, aliyelingana nami kwa kimo: gauni la baleti, ile ngoma yao ya kwenda kwa ncha za vidole. Alituachia picha mbili zilizokatwa gazetini, akaenda zake.

Gauni refu nililichukia tangu siku ya kwanza. Ndani lilikuwa na kizibao cha kubana kiuno. Mama alikitia vijiti vya mtende kikakazana, kisha akanifunga kamba mgongoni. Chini yake pete za waya za kuitanua sketi. Sikuweza kukaa wala kuinama, na mlangoni nilipita ubavu ubavu.

"Wanawake wao walikuwa wakipumua vipi?" niliuliza.

"Kidogo kidogo," alijibu Mama.

Nikaiwaza Darsait, nikaona hivyo hivyo ndivyo nitakavyopumua mimi. Nilitamani kulichana gauni lile.

La baleti lilikuwa jambo jengine kabisa. Wavu juu ya wavu, umetiwa wanga mpaka ukasimama wenyewe. Mimi nililivaa juu ya suruali yangu ya marinda, ile ya kizamani ya Unguja yenye mikunjo ya lasi vifundoni, ambayo majirani waliicheka kwa sababu suruali zao hubana miguuni na kutiwa nakshi. Nilikuwa kichekesho, najua. Lakini nikiruka, gauni liliruka nami, na kwa muda ule sikuwa na ami wala mke wa ami. Mama alinikemea mpaka akachoka. Yule mke wa Mzungu akamleta binti yake kujaribu, likamkaa sawasawa. Wakaliacha kwetu mpaka lile refu nalo liishe, yachukuliwe pamoja.

Alasiri moja Mama akaniita. "Vaa lile fupi."

"Si limekwisha?"

"Vaa, nnakwambia."

Nikavaa. Akakaa karibu na dirisha. "Zunguka," akasema. Nilidhani sikusikia vizuri. "Zunguka! Ruka. Ruka tena, juu zaidi!" Mara ya kwanza tangu tufike nchi ile naambiwa niruke. Nikaruka kwa hasira zangu zote, mikono juu, marinda yanapepea, nikicheka peke yangu.

Mlango ukafunguka. Mke wa ami alisimama pale na dada zake wawili, mmoja kabeba sinia la nguo za kijani za bibi harusi.

Hakuna aliyekaa. Mke wa ami alinitazama toka juu mpaka miguuni, akamgeukia Mama na kumwambia kwa Kiarabu, "Binti yako hana haya."

"Nimeshindwa naye," alisema Mama kwa unyonge, kichwa chini.

Sinia likarudi lilikotoka.

Nililia kwa ghadhabu. Nimetukanwa, na mama yangu mwenyewe kaitikia! Nikaanza kulivua lile gauni, nikipapasa kiunoni na kwenye pindo nitoe pini zisinichome. Hapakuwa na pini hata moja. Nikamtazama Mama, mdomoni mwake pia hamkuwa na kitu.

"Ulikuwa unapima nini?"

"Sikuwa napima. Nlikuwa nnasikiliza mlango." Akaliokota gauni, akalikung'uta. "Si mimi niliyekataa, wamekataa wao. Jina lako huku limeshaharibika, liwache hapa hapa. Wewe nenda kwa mjomba wako."

Kisha akaleta lile refu. "Njoo nimalize mgongo. Na usitikisike."

Siku zile kutoka nchini kulitaka ruhusa, na aliyetoka hakuwa na hakika ya kurudi. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Alikaza kamba, akaifungua, akaikaza upya. Sikutikisika. Nilisimama tuli, nikiomba asimalize kunipima.