Katuni ya Bata na Kiarabu cha Jirani

Dada yangu alipata kiharusi akiwa sokoni Vwawa, akinunua maharage. Waliomdaka walimketisha juu ya gunia, wakadhani ni njaa, wakampa soda. Alipotoka hospitali nikamleta kwangu Tunduma, kwa kuwa mimi ndiye ndugu niliyebaki. Mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yamemkimbia. Mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka yote, mtu wa kusema kutwa, sasa akitaka maji anasema "mlango", akitaka chooni anasema "Jumanne", halafu analia, maana anajisikia anavyokosea.

Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha, hatua chache kutoka mpakani. Kazi yenyewe ni kufuatilia nyaraka za mizigo inayovuka kwenda Zambia na kule mbele. Siku mtandao ukigoma malori yanapanga foleni hadi kata ya Mpemba, na madereva wanakuja kutugombeza sisi tusiohusika, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kibemba. Narudi nyumbani masikio yanavuma. Nikifika nianze upya: kumwogesha, kumkanda mkono, kumlisha uji taratibu asipaliwe. Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuanza kutafuta katuni ya zamani kwa sababu nilikuwa na nafasi. Sikuwa nayo hata kidogo.

Ilianza na wimbo. Jioni moja, namnyoosha vidole kimoja kimoja kama nilivyofundishwa, akaanza kuimba. Hospitali walikuwa wametuambia kwamba hilo hutokea, mtu akapoteza maneno ya kusema akabaki na ya kuimba. Nilitegemea nyimbo za kanisani, kwa kuwa alikuwa mwanakwaya. Wapi. Aliimba kitu cha mbiombio, kama mwendo wa treni, chenye maneno yasiyo Kiswahili wala Kinyiha chetu. Nikaacha kukanda. Wimbo ule niliujua. Nikadakia mstari wa pili, tukaenda pamoja mpaka mahali fulani, sote tukakwama. Akanitazama, akasema neno la kwanza lililokaa mahali pake tangu augue.

"Bata."

Tulikuwa wadogo, tunakaa hapahapa Tunduma kwenye nyumba ya kupanga. Mama yetu alikuwa amefariki muda si mrefu, akazikwa nyumbani Mbozi, pembeni ya mikahawa ya babu. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Hakuwa na jinsi. Kila akisafiri alituacha kwa jirani wa nyumba ya mbele, mwanamke wa Tanga aliyeolewa na msafirishaji. Wao Waislamu, sisi watu wa kanisani, na sikumbuki kama kuna mtu aliyelijadili hilo. Mwezi wa mfungo sisi ndio tuliomaliza futari.

Yule mama alikuwa na televisheni, tena wakati ambao sehemu kubwa ya nchi haikuwa nayo. Ilidaka kituo cha ng'ambo, cha Zambia, picha zikiwa na chenga tupu. Ila alikuwa na deki pia, na kanda ambazo shemeji yake alimletea kutoka Maskati: mawaidha, harusi za ukoo, na kanda moja ya katuni iliyosemwa Kiarabu. Ndiyo tuliyoitaka. Msichana mwenye nywele fupi anaishi kwenye stesheni ndogo ya treni milimani, na mzee anayechechemea. Kazi yao ni kuwasha taa za reli. Msichana ana bata bukini mkubwa, mkorofi, anayemfuata kila mahali. Sisi tuliiita katuni ya bata.

Mama wa Tanga alikaa nyuma yetu akichambua mchele, akatutafsiria. Tuliamini kabisa kwamba anajua Kiarabu, si alikuwa anasali kwacho?

"Sasa hapa mama yake anasafiri," alisema. "Mwaona wote wamevaa nyeusi? Ndivyo kwao wanavyomuaga msafiri mkubwa. Na hiyo picha kubwa yenye maua kawaachia, wawe wanamtazama."

"Anakwenda wapi?" niliuliza.

"Maskati. Kutafuta kazi. Atarudi na treni."

Kila treni ilipoingia stesheni bata alikimbia kwenye mabehewa, anapiga kelele, na mama wa Tanga alisema, "Huyo anaangalia kama mama kaja. Leo bado." Tuliirudia kanda ile mpaka picha ikaanza kupauka. Hatukuujua mwisho, kwa sababu kanda ilikatikia njiani, na siku moja deki ikaitafuna. Baadaye baba akatuhamishia Vwawa, na yule mama alipofiwa na mumewe akarudi kwao Tanga.

Basi nikaanza kutafuta. Kwanza nilikwenda kwa jamaa wa kibanda karibu na stendi, anayewawekea watu filamu kwenye flashi.

"Inaitwaje?" aliuliza.

"Sijui."

"Ya mwaka gani?"

"Ya zamani."

"Steringi ni nani?"

"Msichana. Na bata."

Hakucheka, namshukuru. Alisema nyingi za namna hiyo zilichorwa Ujapani hata zikisemwa Kiarabu, zinaitwa anime, anazo nyingi, ila zote mpya. Hizo za kale, alisema, kuna watu mtandaoni kazi yao ni kuzifukua. Akanionyesha kwenye simu yangu jinsi ya kuingia.

Sikujua kama kuna watu wengi hivyo duniani wanaotafuta kitu wasichokijua jina. Niliwasoma ofisini wakati wa chakula cha mchana, wengi wakiandika Kiingereza kibovu kama changu. Mmoja alitafuta katuni ya roboti mwenye sikio lililovunjika. Mwingine alikumbuka paka aliyeuza mikate, na kwamba siku hiyo shangazi yake alikuwa amepika samaki. Wengi walieleza zaidi sebule kuliko katuni yenyewe: kochi lilikuwa wapi, nani alikaa chini, nani hayupo tena. Wajuzi wao walijibu kwa ukali kwamba hayo hayasaidii, taja studio, taja mwaka. Nami niliwaelewa wa pande zote mbili, walioulizwa na waliouliza, nikachoka kwa niaba yao.

Niliandika nilichokumbuka. Wakaniletea picha za wasichana na bata wa kila namna, hakuna aliyekuwa wetu. Nikakata tamaa, nikarudi kwenye malori yangu. Wiki zikapita. Kisha siku moja dada aliimba tena, nami nilikuwa na simu mkononi, nikamrekodi. Sauti yake imepinda kidogo upande mmoja, na kwa nyuma jogoo wa jirani anawika. Niliituma hivyohivyo kwa wale watu wa mtandaoni.

Aliyejibu alikuwa mwanamume wa Aljeria. Aliandika kwamba alisikiliza akiwa ndani ya gari, akalazimika kusimama pembeni ya barabara. Wimbo huo yeye na marehemu kaka yake waliuimba wakienda shule. Akaniandikia maneno yake yote, na jina la katuni kwa Kiarabu na kwa Kijapani. Haijawahi kutolewa upya, alisema, bali kuna mtu aliyewahi kuirekodi kutoka televisheni, na mashabiki wameiwekea maandishi ya Kiingereza chini. Akanitumia njia ya kuipata.

Nilimweleza dada. Akapiga goti lake kwa mkono mzima, pa, pa, pa.

Tuliitazama Jumapili, baada ya yeye kula. Niliunganisha simu na televisheni, nikamwegemeza kwa mito. Wimbo ulipoanza wote wawili tuliimba, na mwaka huo hatukuwa tumefanya jambo lolote la furaha zaidi ya hilo. Kisha hadithi ikaanza, na mimi nikaanza kusoma maandishi.

Watu waliovaa nyeusi hawakuwa wakimuaga msafiri. Ilikuwa mazishi. Picha kubwa yenye maua ilikuwa ya marehemu, mama wa yule msichana, na moshi tuliodhani ni wa udi wa harusini ulikuwa wa kumwombea. Msichana alikuwa akipelekwa kwa babu yake stesheni kwa sababu hana mtu mwingine. Katika sehemu yote ile hakuna aliyesema atarudi. Bata alikimbilia mabehewa kwa sababu abiria walimrushia makombo.

Nilisimamisha picha. Jambo la kwanza nililolisikia moyoni ni hasira, na sikujua namkasirikia nani. Maana mimi nilikuwa mdogo mno siku ya mazishi ya mama, sikuelewa nilichokiona, na ile tafsiri niliibeba nikatoka nayo nje. Kila lori la baba liliporudi nilikimbilia upande wa pili wa kabini, kutazama kama kuna mtu mwingine anashuka. Nilifanya hivyo muda mrefu. Kila mara dada alinifuata, akanishika mkono, akanirudisha ndani.

"Yule mama alitudanganya," nilisema. "Hakujua Kiarabu."

Dada alikuwa anatafuta maneno. Nilikuwa nimejifunza kumsubiri wakati kama huo, nisimtajie neno mimi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi nilimwambia. Jikoni. Asiseme." Akapumzika. Akanielekezea kidole. "Mdogo."

Nilimuuliza tena na tena, kwa njia tofauti, na kila mara alinipa majibu yaleyale. Kama nilimwelewa, aliyatambua mazishi siku ya kwanza tu, wala hakuhitaji Kiarabu. Akamfuata mama wa Tanga jikoni, akamwomba hadithi igeuzwe kwa ajili yangu. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mama yake mwenyewe alikuwa hajamaliza hata msimu mmoja kaburini.

Lakini huyu ni mtu ambaye asubuhi hiyohiyo alikiita kijiko "Mbeya". Nilitaka uhakika. Mtoto wa kambo wa yule mama bado ana yadi ya malori hapa mjini, nikamwomba namba. Kule Tanga simu ilipokelewa na binti yake, akampa mama, akamfokea karibu na sikio kwamba ni watoto wa dereva, wale wa Tunduma.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba mwanangu! Nyie wazima? Na baba?"

Nilimwambia baba alishatangulia. Akamwombea. Nikamuuliza kuhusu kanda ya katuni, msichana, stesheni, bata.

"Bata? Sikufuga bata mie. Huko baridi, kuku wenyewe walinifia."

"Ya kwenye video, mama. Ya Kiarabu. Ulikuwa unatutafsiria."

Akacheka, kicheko kilekile. "Mie Kiarabu nitakijulia wapi, mwanangu? Changu cha kuswalia tu." Halafu akauliza yeye. "Yule mkubwa hajambo? Alikuwa mtoto ana mambo mazito yule. Akija jikoni husema naye kama mtu mzima."

Mlisema nini, nikauliza. Hakukumbuka. Akaniuliza kama bado Tunduma kuna vumbi.

Nimeamua kumwamini dada. Si kwa sababu nina ushahidi, bali kwa sababu ndivyo alivyo, ndivyo alivyonirudisha ndani kila mara. Hasira ilikwisha yenyewe, ikaacha uchovu tu, na ndani ya uchovu huo namwogesha kwa mkono mwepesi zaidi kuliko zamani.

Sehemu zilizobaki nimezitazama peke yangu, kidogo kidogo, ofisini, kati ya simu za madereva. Si katuni nzuri sana, kusema kweli. Inakwenda polepole, michoro inajirudia, na Mwaljeria naye alikiri aliikumbuka kuwa bora kuliko ilivyo. Anaendelea kuniandikia, ananiulizia mgonjwa. Dada sasa anasema sentensi fupi, na ameanza kunidai nimrudishe Vwawa kwenye nyumba yake.

Juzi nilimuuliza kama anataka nimsimulie katuni inavyokwisha. Akafikiri. Akatikisa kichwa, akasema, "Weka habari," nami nikamwekea taarifa ya habari, tukakaa.