Kahawa Iliyonuka Moshi

Siku yangu ya kwanza ghalani Omurushaka, Katibu wa chama cha msingi alinipa bambo, chuma chenye ncha cha kuchomea gunia ili kahawa kidogo itoke bila kulifungua. "Binti, hapa kazi ni mkono na pua," akasema. "Mkono ujue imekauka, pua ijue haijaoza." Nikajiona nimefika, kumbe sijaanza.

Enzi hizo wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wengi, na kahawa yetu nzuri na ya ovyo ziliondoka pamoja. Kisha benki za kwao zikayumba. Sisi na benki za Ulaya wapi na wapi? Tulijua malori yalipoacha kuja. Wakulima wakaambiwa wakae na kahawa nyumbani. Jamani, hofu ile! Watu wakaanza kutaja kung'oa mibuni.

Biashara ilipoamka, kwetu alibaki mnunuzi mmoja, tena mchaguzi, aliyetaka sampuli aionje kwanza. Katibu akaniita. "Mama, huyu akitukataa hatuna mwingine. Nusa kila gunia." Nilinusa hadi kichwa kikaniuma, nikapitisha yote, halafu nikakosa usingizi nikisubiri jibu.

Jibu likaja: inanuka moshi.

"Moshi gani?" nikafoka. Nikampa dereva wa lori, mtu wa Tanga, anuse. "Mama, harufu hii si ya jiko hii?" Kumbe wakulima walikuwa wameihifadhi darini, juu ya mafiga, isipate unyevu. Hata yangu ilikuwa huko huko. Pua yangu ilikulia katika moshi ule, ingeusikiaje?

Nilikiri kosa langu mbele ya mkutano wa wanachama. Ta Buberwa (kwetu "Ta" ni baba, kwa heshima), mkulima wa Bugene, akasimama. "Hatukulaumu, Ma. Tuambie tu, tung'oe au tusing'oe?"

Niliogopa kukosea mara ya pili. Nikasema, "Sijui, Ta. Kila mtu aamue mwenyewe."

Aling'oa shamba zima. Wengine walijenga stoo mbali na jiko, na msimu uliofuata mnunuzi akachukua kahawa yao yote.

Nimestaafu, lakini redio ikitaja benki za nje moyo bado unaruka. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, mkiulizwa, jibuni. Ta Buberwa sasa ni mzee kabisa. Nikimpa shikamoo huitikia vizuri, kisha huuliza kahawa inauzwaje siku hizi. Namtajia bei ya chini kuliko ilivyo.